Lile ziwa la Ghana ni shimo la kimondo, kaka

Kaka Juma, mambo vipi, habari za nyumbani?

Ile hoja yako kwamba Bosumtwi, lile ziwa la Ghana, ni mdomo wa volkano kama Ziwa Chala nimeona nikujibu kwa kuandika, kwenye simu tungebishana tu mpaka vocha iishe. Kaka, pale kiligonga kimondo, na sisemi hivyo kwa sababu ziwa ni la duara, uduara peke yake hauthibitishi kitu, Chala nayo ni duara na ni volkano kweli.

Lenyewe liko karibu na Kumasi, upana wake kama kilometa 8, limekaa ndani ya shimo la kilometa kama 10 na nusu. Sasa chukua mwamba wa pale pembeni, ule mchanganyiko wa mawe yaliyopondeka na vipande vya kioo, ukate uwe mwembamba mpaka mwanga upite halafu uweke kwenye hadubini. Kwenye chembe za kwatzi, yale madini magumu yanayojaa kwenye mchanga, utaona mistari midogo sana, imenyooka, imejipanga sambamba, na kundi moja la mistari linakatiza jingine. Hiyo inataka kishindo cha ghafla na kikali mno, volkano hata ilipuke vipi haifikii. Na kwenye mawe ya hapohapo, tangu miaka ya 60, watafiti walikuta koesaiti, yaani kwatzi iliyobanwa kwa presha kubwa mpaka ikajipanga upya.

Ila kinachonimaliza mimi ni vioo vya Ivory Coast. Nchi nyingine kabisa! Kule kunaokotwa vijiwe vyeusi vya kioo vinaitwa tektaiti, ukipima umri wake unapata kama miaka milioni 1.07, ukipima kioo cha Bosumtwi ni umri uleule, na kemia yake inafanana na miamba ya pale ziwani, yaani ardhi ya Ghana iliyeyuka ikarushwa angani ikaenda kudondokea kwa jirani. Tena ndani yake kuna osimiamu, metali adimu, ya aina inayopatikana kwenye vimondo.

Mwaka 2004 watafiti wakachoronga katikati ya ziwa, chini ya tope kuna kilima cha mwamba kimefichwa, ndivyo inavyokuwa kwenye mashimo makubwa ya vimondo, ardhi inagandamizwa halafu inaruka kurudi juu.

Picha za ile mistari nakutumia WhatsApp leo usiku, zikuze uangalie vizuri ndo unijibu. Msalimie shemeji na watoto.