Barua ya wazi kwa kina mama wa majengo ya kale: maji kwanza, rangi mwisho

Wanangu, hamjambo.

Nawaandikia kina mama na mabinti mliojitolea kulinda majengo ya kale ya Dar es Salaam. Ninyi mnajulikana na wakubwa. Mkipiga simu ofisini inapokelewa, na mkiitisha harambee ukumbi wa hoteli unajaa. Nawapenda kwa moyo huo. Lakini mmenikera, na heri niseme kuliko kukaa nalo rohoni.

Ile nyumba ya mawe mliyoikarabati kabla ya masika imeanza kubanduka. Plasta ya saruji inadondoka vipande vipande, na nyuma yake chokaa imekuwa unga. Sare zilishonwa, utepe ulikatwa, picha zilisambaa. Hakuna aliyeuliza ukuta ule umejengwa kwa kitu gani.

Kuta za kale za pwani yetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga. Zinanyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi yake, kisha zinayatoa polepole kupitia plasta ya chokaa. Ukizifunika kwa saruji na rangi ya plastiki, maji yanakosa pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya plasta, inaisukuma nje na kusaga chokaa iliyoshika mawe. Ncha za boriti za mikoko zilizozama ukutani zinaoza, na mchwa wanaufuata unyevu huo. Fundi akiona ufa anaongeza saruji, na ugonjwa unaongezeka.

Sasa fanyeni hivi. Gongeni ukuta kwa vifundo vya vidole. Panapotoa sauti ya utupu, saruji imeshaachia. Itoeni kwa tindo ndogo na nyundo nyepesi, tindo ikiwa imelazwa, wala msiruhusu mashine ya kutoboa. Anzeni na eneo la mita moja ya mraba. Saruji ikitoka na jiwe, simamisheni kazi mpaka fundi anayejua chokaa aje aangalie. Ukuta uachwe ukauke kwa miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba. Chumvi nyeupe itakayojitokeza ipangusweni kwa brashi kavu, maana mkiiosha inayeyuka na kurudi ndani.

Wakati ukuta unakauka, tafuteni maji yanatoka wapi. Pandeni juu mkague bati na mifereji. Tazameni chini pia: mara nyingi barabara na matofali ya uani yameinuliwa mwaka hadi mwaka mpaka nje kuko juu kuliko sakafu ya ndani, na kila mvua inaegemea ukuta. Chimbeni mtaro, ondoeni sakafu ya saruji iliyobanwa kwenye msingi. Chomeni ncha za boriti kwa bisibisi. Ikizama bila kusukumwa sana, boriti imeoza. Ya kubadilisha msinunue gizani, kwani kukata mikoko kunahitaji kibali.

Ndipo ije plasta. Chokaa ilowekwe kwenye pipa, maji yakiifunika juu, miezi mitatu ikiwezekana. Ikiwa ni chokaa ya tanurini ambayo haijaguswa na maji, itieni chokaa ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe msimimine maji juu ya chokaa: inachemka, inaruka na kupofusha macho. Ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga mkali uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Lowesheni ukuta, pigeni tabaka lisilozidi sentimita moja, lifunikeni kwa magunia mabichi siku kadhaa kabla ya lingine. Fundi mwenye haraka atataka kutia saruji kidogo ili ishike upesi. Mkatalieni. Mwisho pakeni chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano.

Najua kazi hii haina picha nzuri. Lakini mnayo nguvu ambayo fundi hana, nayo itumieni kwenye sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka hiyo hiyo ya 1860, na Boma la Kale lenyewe ni la 1866 hadi 1867. Maana yake karibu kila jengo mnalolipenda mjini liko nje ya ulinzi huo mpaka Waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali. Simu zenu zipigwe kwa ajili ya tangazo hilo.

Kule Marekani, Ann Pamela Cunningham alianza mwaka 1853 kuwaandikia wanawake wenzake barua, akiwa mgonjwa, mpaka wakachanga dola 200,000 wakainunua Mount Vernon, nyumba ya George Washington. Walishika hati kwanza. Ninyi je, hati ya nyumba ile iko kwa nani, na warithi wangapi wametia saini?

Mengine kwa ufupi. Wapangaji wasifukuzwe, nyumba isiyo na mtu inaoza upesi. Mlango wa nakshi usisuguliwe kwa mashine. Nyaya za umeme zikaguliwe kabla ya dari. Fundi alipwe kwa wakati.

Na jambo moja linaniuma kuliko yote. Mnazungumzia majumba ya Wajerumani na ya masultani tu, na jamii nzima iko hivyo. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma, zinabomolewa kupisha maghorofa, na hakuna kikundi kinachoshona sare kwa ajili yake. Ndimo walimoishi babu zenu. Hamuwezi kuzinunua zote, sawa. Lakini chukueni tepu ya kupimia na daftari, ombeni ruhusa kwa mwenye nyumba, mpime ukumbi, vyumba, upana wa baraza, unene wa kuta, mchore ramani na kuandika nani alijenga na nani amewahi kukaa. Nakala moja mpeni mwenye nyumba, nyingine pelekeni Makumbusho ya Taifa. Anzeni na zile ambazo zimeshazungushiwa mabati zikingoja kubomolewa.