Tuchapieni pia Kiingereza cha kununiana

Mhariri,

Ule ukurasa wenu wa Jumamosi wa ujumbe mtamu wa Kiingereza kwa wapenzi huku Kigoma unasomwa kuliko habari za Bunge. Najua kwa sababu watu huniletea dukani umekatwa kwa wembe, wakitaka niwachapie kwenye kadi. Nina steshenari hapa Mwanga, na kabla ya hapo nilikuwa karani, kazi yangu kuchapa barua za Kiingereza za wakubwa. Kadi hizo zinanipa riziki. Hata hivyo naomba mubadilishe mnachochapa.

Tatizo la sentensi zile ni kwamba hakuna anayezisema. Mara mpenzi ni jua la majira ya theluji, mara anaitwa “thou”, yaani “wewe” ya kizamani, neno ambalo tangu karne ya 17 lilishaanza kutoka kwenye mazungumzo ya kawaida ya Waingereza, likabaki zaidi kwenye sala na mashairi ya kale. Ni sawa na kijana wa leo kumtongoza binti wa Ujiji kwa lugha ya tenzi za Lamu. Atachekwa, na huyo ndiye mwenye bahati. Wengine hawaeleweki kabisa.

Najua kuna watakaouliza Kiingereza cha nini wakati Kiswahili kipo. Wanaouliza hivyo hawakai mpakani. Aliyepata mchumba Mkongo wa ng'ambo ya ziwa anaongea naye Kiswahili, na Muha na Mrundi wanaelewana kila mtu kwa lugha ya kwao. Lakini Zambia lugha rasmi ni Kiingereza, na Mpulungu, bandari yao, iko kwenye ziwa hilihili letu. Mabaharia wa boti za mizigo hawaji na saruji tu.

Binti mmoja wa jirani zangu amechumbiwa na kijana wa huko. Kijana alikaa kimya siku nyingi wakati ziwa limechafuka, binti akanakili kwenye gazeti lenu ile sentensi ya theluji akaituma. Jibu likaja: “Are you okay? This doesn't sound like you.” Yaani, uko salama kweli, mbona haya si maneno yako? Akanijia mbio na simu mkononi.

“Shikamoo mama. Naomba unijibie.”

“Marahaba. Mchumba ni wako, mwanangu, siwezi kukujibia. Niambie kwanza kwa Kiswahili, una nini?”

Akanieleza. Aliogopa boti imezama, kisha akasikia kwamba mwenzake yuko mzima na ameshapiga simu kwao lakini kwake hajapiga, hapo hofu ikageuka hasira. Yote hayo hayakuwemo kwenye sentensi ya theluji. Tukaandika kifupi, kwa maneno aliyokuwa nayo tayari tangu kidato cha pili: “I was scared. Then I was angry, because you called your mother and not me. Next time, call me when you arrive.” Kijana alipiga simu kabla binti hajatoka dukani. Waliongea nini si juu yangu, nilikwenda kupanga karatasi.

Sekondari tulifundishwa barua ya kirafiki na barua ya kiofisi, na vijana wengi wanachumbia kwa ile ya kiofisi. Nimechapa barua ya mapenzi iliyomalizikia kwa “Yours faithfully”, ambayo kwa desturi ya Waingereza humwandikia mtu usiyemtaja hata jina. Mwenye barua hakuwa anatania. Kamusi za Kiingereza za wanafunzi, kama ile ya Oxford, huweka alama kando ya neno kuonyesha kama ni rasmi, la kizamani, la kifasihi au la mazungumzo. Mwandishi wa ukurasa wenu angeanza na alama hizo, nusu ya sentensi zake zingekufa kabla ya kufika kiwandani.

Badala yake chapeni watu wawili wanaongea. Mmoja amechelewa, mwingine amenuna. Mmoja anaomba radhi kwa kutaja alichokosa, “I'm sorry I shouted at you”, bila kulundika malaika na nyota juu yake. Chapeni jinsi ya kuuliza habari za fedha ulizomtumia mwenzako bila kumfanya aonekane mwizi, na jinsi ya kumwambia unataka akajitambulishe nyumbani. Na jinsi ya kukataa. Binti anayebembelezwa afanye asichokitaka anahitaji Kiingereza kinachoeleweka mara moja, tena kwa sauti kavu. Nimechapa kurasa zenu nyingi, Mhariri, na sentensi ya namna hiyo sijakutana nayo.

Mama Steshenari,
Mwanga, Kigoma.