Wanangu wanasheria, shamba na ujira navyo ni haki

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya sheria hapa Arusha na kule Moshi. Mnazungumzia haki za binadamu vizuri: uhuru wa maoni, dhamana, kura. Shamba na mshahara mnawaachia wanasiasa, na hilo linanisikitisha.

Mwaka 1951 serikali ya mkoloni iliwafukuza Wameru kutoka Ngare Nanyuki, karibu na Mlima Meru, ili walowezi wapate pa kufugia ng'ombe. Nyumba zikachomwa moto. Wameru wakachangishana, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, pamoja na wakili Earle Seaton aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 Kirilo akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, lililosimamia nchi kama Tanganyika yetu, akadai ardhi ya watu wake. Hawakurudishiwa, azimio la kuwatetea lilikosa theluthi mbili ya kura kwenye Baraza Kuu. Ila aliporudi alizunguka akiwasimulia watu, nao wakaanza kuuliza ya kwao. Huku kwetu madai ya haki mbele ya dunia yalianzia shambani, wanangu, si kwenye kumbi za semina.

Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, Ibara ya 23, linataja ujira wa haki unaomwezesha mfanyakazi na familia yake kuishi kwa heshima. Mwaka 1966 haki zikagawanywa katika mikataba miwili ya Umoja wa Mataifa, kura huku, riziki kule. Katiba yetu nayo inataja haki ya kufanya kazi katika Ibara ya 11, halafu Ibara ya 7 inazizuia mahakama kuisimamia ibara hiyo. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981 umeziweka haki zote pamoja, na Mahakama ya Afrika inayousimamia iko hapa hapa mjini. Azimio la Arusha la 1967 lilithubutu zaidi: lilimgusa mwenye nacho, likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kwa Azimio la Zanzibar, miiko hiyo ikalegezwa. Mimi naona tulipoteza kitu kikubwa.

Sasa nendeni lango la Machame, wanapoanzia wapanda Kilimanjaro, asubuhi, mizigo ikipimwa kwenye mzani. Muulizeni mpagazi analipwa kiasi gani kwa siku, nani anagawa bakshishi, na karatasi ya makubaliano iko wapi. Akiwa anadai ujira wake, msaidieni kujaza fomu ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, bila kumtoza. Madai ya namna hiyo hupelekwa ndani ya siku 60 tu, na yeye huenda yuko mlimani wiki nzima.

Mzee wenu,
Arusha