Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Nusu Karne ya Rajinikanth

Ndugu wanachama,

Mkutano Mkuu uliopita wa chama chetu cha watazamaji wa sinema uliiagiza kamati iache kurukaruka, ichague mwigizaji mmoja na kuangalia picha zake mwaka mzima. Tulimchagua Rajinikanth wa sinema ya Kitamil, ya kusini mwa India, kwa kuwa Agosti mwaka huu ametimiza miaka 50 tangu picha yake ya kwanza. Tena wengi wetu tulikuwa tunamjua kwa vipande tu: picha zilizotiwa sauti ya Kihindi, zikapita mikononi mwa watafsiri wa vibanda umiza, mpaka jina la mtu likapotea akabaki "yule steringi wa miwani".

Baadhi ya wazee walinuna. Walimtaka Amitabh Bachchan wa sinema ya Kihindi, waliyemzoea enzi za majumba ya sinema ya Avalon na Empire. Nadhani sasa wameridhika, maana wamemkuta humo humo. Billa ya mwaka 1980, iliyompandisha Rajinikanth kuwa steringi wa mapigano, ni Don ya Amitabh iliyofanywa upya kwa Kitamil, na wawili hao wamekutana kwenye skrini tangu Andha Kanoon ya 1983 hadi Vettaiyan ya 2024.

Kwa waliojiunga katikati ya mwaka: jina lake la kuzaliwa ni Shivaji Rao Gaekwad, mtoto wa familia ya Kimarathi, aliyezaliwa Bangalore tarehe 12 Desemba 1950. Kitamil alijifunza ukubwani. Alikuwa konda wa mabasi ya mji huo kabla ya kwenda Madras (sasa Chennai) kusomea uigizaji, na huko mwongozaji K. Balachander akamwona, akampa jina jipya, akamweka kwenye Apoorva Raagangal ya 1975. Anaingia picha ikiwa imeshakwenda mbali. Anasukuma geti, ndevu hazijanyolewa, koti limechakaa, anaulizia mwenye nyumba. Ni mume aliyeitelekeza familia, sasa anaugua saratani ya damu, na picha haiishi kabla hajafa. Mwanachama mmoja kijana alilalamika kwa sauti kwamba steringi hafi. Siku ile hakuwa steringi. Steringi alikuwa Kamal Haasan.

Miaka miwili mitatu iliyofuata alipewa sana nafasi za adui, na ndiko alikojengea vile vitu vyake: sigara inayorushwa hewani na kudakwa kwa midomo, kicheko cha dharau, mwendo wa haraka. Halafu ikaja Mullum Malarum ya 1978, ya mwongozaji Mahendran, ambayo mimi naiweka juu ya zote tulizoangalia. Anacheza Kali, mfanyakazi wa mtambo wa kuvuta toroli kwenye kituo cha umeme, mjeuri, anayempenda dada yake kupita kiasi. Anagombana na mhandisi mkuu wake, analewa, lori linamkanyaga mkono, unakatwa. Mwishoni dada anakwenda kuolewa na mhandisi yule yule. Kali hapigi mtu. Anamshika dada yake, anamkabidhi kwa bwana harusi, na bado anamwambia bwana harusi kwamba hampendi. Ukumbi ulinyamaza, na kwa chama chetu hilo si jambo la kawaida.

Wengi wenu mliipigia kura Baashha ya 1995, na siwalaumu. Dereva wa bajaji, Manikkam, anakubali kufungwa kwenye nguzo na kupigwa na wahuni, huku anatabasamu na kuwazuia wenzake wasiingilie. Kipigo kile kinatuuma sisi kwa sababu tunahisi anaficha kitu. Wahuni wanapomgusa dada yake, anamwambia mdogo wake neno moja tu, aingie ndani, na hapo ndipo tunaanza kumjua. Ule msemo wake, kwamba akisema mara moja ni sawa na kusema mara mia, sasa nausikia kwa watoto wa mtaani kwangu.

Palizuka mjadala mwezi uliofuata: je, mtu huyu hajirudii? Konda aliyekuja kucheza muuza maziwa katika Annaamalai, mwendesha gari la farasi katika Muthu, dereva wa bajaji, na mwaka huu kuli katika Coolie. Ndiyo, anajirudia kwa kazi za wahusika wake. Ila tazameni nani anamwongoza. Kutoka Balachander akaenda kwa S. P. Muthuraman, Mani Ratnam, Shankar, Pa. Ranjith, kisha Nelson na Lokesh Kanagaraj, ambao hawakuwa wamezaliwa alipoanza kazi. Mastaa wengi wakizeeka huzungukwa na marafiki wa zamani. Yeye kila baada ya miaka kadhaa anajiweka mikononi mwa kijana mwingine. Na hata alipoanguka aliinuka kiungwana. Picha iitwayo Baba, ya 2002, ilipowatia hasara wasambazaji aliwafidia, akakaa karibu miaka mitatu kimya, akarudi na Chandramukhi ya 2005 iliyoonyeshwa zaidi ya miaka miwili katika ukumbi mmoja wa Chennai.

Kwenye Enthiran ya 2010 mlisimama kwa ule wimbo wa Kilimanjaro. Nasikitika kuwathibitishia kwamba milima ile mnayoiona ni ya Machu Picchu, Peru. Wenzetu wa Moshi wamepeleka malalamiko kwa Katibu, nayo yamepokelewa.

Siasa nitaipita haraka: alitangaza kuingia Desemba 2017, akajitoa Desemba 2020 kwa sababu za afya. Mwaka 2021 alipokea Tuzo ya Dadasaheb Phalke, heshima ya juu kabisa ya sinema nchini India, akaitoa kwa Balachander, kwa kaka yake, na kwa dereva wa basi aliyefanya naye kazi zamani.

Kuhusu Coolie yenyewe, iliyotoka tarehe 14 Agosti: kelele nyingi, hadithi haishikiki, lakini mzee wa miaka 74 bado anaingia kwenye fremu na macho yote yanamfuata. Wasiokubaliana nami watapewa nafasi kwenye mengineyo.

Sasa ya nyumbani. Maandishi ya chini ya picha yaliwashinda wengi, hasa yanapokwenda mbio, hivyo dada yetu mmoja alijitolea kukaa mbele na kutafsiri kwa sauti. Kamati inapendekeza asamehewe ada ya mwaka ujao. Pia, wanaokuja na watoto wadogo kwenye picha za mapigano, kamati inawaomba waulize kwanza. Kwa 2026 kuna mapendekezo mawili, Kamal Haasan au Mammootty wa Kerala; karatasi za kura ziko kwa Katibu. Hesabu atazisoma Mweka Hazina, ninamkaribisha.