Barua ya Wazi kwa Katibu Mkuu: Nijibu, Hata Kama ni Hapana

Ndugu Katibu Mkuu,

YAH: KIBALI CHA UTAFITI WA SHERIA KATIKA MPAKA WA MTO SONGWE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, kama ulivyoombwa kuhusika nacho katika barua zangu zilizotangulia. Wizara yako siitaji. Mihuri ya kupokelea barua zangu inaitaja vya kutosha.

Masjala yako ya hapa Dar es Salaam iliniambia jalada langu limehamia Dodoma. Nikaenda Dodoma kwa nauli ya kukopa, nikaambiwa liko Dar es Salaam. Jumatatu hii nimejulishwa kwamba ofisa aliyekuwa akilishughulikia amehamishwa, na aliyekalia kiti chake akanishauri, kwa upole kabisa, niandike barua nyingine. Basi nimeandika hii.

Nikukumbushe ninachotafiti, maana huenda bahasha haijafunguliwa. Songwe unatenganisha Tanzania na Malawi kabla haujaingia Ziwa Nyasa, na mto huo huhama. Mvua zikikolea unafurika, unakata njia mpya kwenye tambarare za Kyela, na mkulima aliyelala na shamba lake la mpunga Tanzania anaamka liko ng'ambo. Serikali zote mbili zinalijua hilo, ndiyo maana zina mradi wa pamoja wa bonde la mto huo. Ninachouliza ni hiki: mkulima mwenye hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hati yake ina nguvu gani mto ukihama? Mpaka unafuata maji, au unabaki pale maji yalipokuwa? Na mwanawe akivuka kwenda kuvuna mpunga wa baba yake, ni mkulima au mhamiaji haramu? Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa Karonga, upande wa Malawi, wanaoana na kuzikana. Anayewauliza pasipoti msibani atakuwa mgeni wa pande zote mbili.

Nahisi, na hapa nabahatisha kwa sababu hakuna aliyenieleza, kwamba mkisikia Malawi mnaona ziwa. Najua ziwa lina moto. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1, 1890 unapitisha mpaka ufukweni, mashariki, kaskazini na magharibi, hadi ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Songwe. Malawi imeshika hapo, sisi tunadai mstari wa katikati ya maji. Azimio la Cairo la 1964 la kuheshimu mipaka tuliyoikuta wakati wa uhuru, usuluhishi wa marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji, yote nimeyasoma maktaba bila kibali cha mtu. Ziwa nawaachia. Mimi naulizia mpunga.

Ulituambia wanafunzi, ukumbi umejaa, kwamba milango yako iko wazi kwa watafiti. Tukapiga makofi. Mlango nimeuona, uko wazi kweli, ila ndani hamna mtu.

Chuo kimeniongezea muda na kimesema hakitaongeza tena. Msimamizi wangu ananisihi nibadili mada, niandike kuhusu sheria ya kodi ya pango. Mwenye nyumba wangu Mbagala naye ana la kusema kuhusu kodi hiyo. Mama anauza mchele Kyela ili nilipe ada, na kila akipiga simu anauliza wamesemaje. Wamesemaje, Ndugu Katibu Mkuu?

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa siku 30 za kumjibu mwombaji. Kukataa nako ni jibu, mradi mtaje sababu. Siombi fedha, siombi gari. Naomba karatasi moja yenye saini. Kama ni hapana, andika hapana. Lakini nijibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwanafunzi wa sheria, Dar es Salaam

Nakala: Masjala, Dar es Salaam
Masjala, Dodoma (popote jalada lilipo)