Fisi aliwaambia nini watoto wake?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na walimu wenzangu. Mi nafundisha darasa la tatu, na tangu 2024 tuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, jambo jema kabisa, ila huruma haikaririwi. Mtoto ataandika "tuwapende wenzetu" nimpe vema, kengele ikilia tu anamcheka mwenzake kaptula imechanika.

Darasani kwangu kulikuwa na mtoto wanamwita Fisi. Eti kwa sababu haji na hela ya kula, basi saa nne mwenzie akibakiza kipande cha andazi yeye anasimama pembeni anakiangalia. Nikakataza hilo jina, nikagomba, nikatoa adhabu, wapi, wakawa wanamwita kwa kunong'ona.

Siku moja nikawasimulia ya sungura na fisi, wanaipenda hiyo, fisi akitapeliwa nyama darasa zima linavunjika mbavu. Nilipomaliza sikuuliza "hadithi hii inatufundisha nini?" kama tulivyozoea. Nikauliza tu, haya, fisi karudi nyumbani mikono mitupu na watoto wanamsubiri mlangoni, aliwaambia nini? Kimya. Halafu binti mmoja wa dawati la mbele akasema taratibu, "Aliwaambia yeye ameshiba." Jamani, nilishindwa kuendelea. Hakuna aliyegeuka kumwangalia yule mtoto lakini nadhani wote tulikuwa tunamuwaza yeye. Wiki ileile jina likaanza kupotea, na nikaona andazi linakatwa nusu bila mtu kuambiwa.

Kwa hiyo walimu wenzangu tusiwe na haraka ya kudai funzo. Tuulize mhusika alilala vipi usiku ule, nani alimsubiri, angekuwa dada yako ungefanyaje, halafu tunyamaze tuwasikilize. Na vitabu tusisingizie havipo kabisa, Children's Book Project for Tanzania wanasaidia kutoa hadithi za Kiswahili tangu 1991, na kwenye simu African Storybook wana za Kiswahili za bure, unapakua ofisini asubuhi unaingia nayo darasani.

Wakuu wa shule nao watupe dakika 20 kwa wiki za hadithi tu, zisitungiwe mtihani, maana nikianza kutoa maksi watarudi kuniandikia "tuwapende wenzetu".

Mwalimu wa darasa la tatu,
Morogoro