Mtoto mchanga akiwa njano msimwanike juani, mpelekeni hospitali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hili la kuanika watoto wachanga juani, maana hapa Moshi mtoto akibadilika rangi tu mama anaambiwa mtoe nje asubuhi apigwe na jua itaisha yenyewe. Wanasema majirani, wanasema mabibi, na kinachoniuma zaidi hata baadhi ya wahudumu wa afya wanamwambia hivyo mzazi anaporuhusiwa kurudi nyumbani.

Sasa mwezi wa saba hapa kwetu jua liko wapi? Mawingu yanashuka kutoka mlimani, siku inaisha hata kivuli chako hujakiona. Mtoto wa mdogo wangu kazaliwa kipindi hicho hicho, siku ya tatu macho yameshaanza kuwa njano na wao wanasubiri jua litoke. Nilipofika nikamsogeza dirishani, nikamminya kidogo puani kwa kidole nikaachia, pale nilipominya pakabaki njano kabisa, kuangalia viganja na nyayo napo njano. Jamani umanjano ukifika kwenye viganja na nyayo ni hatari, sio wa kusubiri kesho, na ukionekana ndani ya saa 24 za kwanza usiulize mtu, kimbia hospitali. Ngozi zetu nyeusi zinaficha, kwahiyo angalieni na weupe wa macho na fizi.

Kinachofanya awe njano ni bilirubini, inatokana na chembe nyekundu za damu zikivunjika, na ini lake bado changa linashindwa kuitoa. Ikizidi inaingia kwenye ubongo, mtoto anaweza kubaki na mtindio wa ubongo au akawa kiziwi, na hapo hamna dawa ya kurudisha. Mwanga wa bluu, ule ambao urefu wa mawimbi yake ni nanomita 460 mpaka 490, unaibadilisha hiyo bilirubini iliyo kwenye ngozi ili itoke kwa choo na mkojo bila kungoja ini. Sio joto linalotibu, ni ile rangi.

Na jua lina mwanga huo, ni kweli. Mwaka 1956 kwenye hospitali ya Rochford huko Uingereza muuguzi mmoja, Sister Ward, alikuwa anawatoa watoto njiti nje, akaonyesha madaktari mtoto ambaye umanjano umefifia isipokuwa sehemu iliyokuwa imefunikwa na shuka. Lakini Dk. Richard Cremer na wenzake hawakuishia kwenye jua, walitengeneza taa, matokeo wakayatoa 1958. Mtoto wetu anakaa juani dakika chache na kofia na soksi, mwanga utamfikia wapi? Ukimvua zote ukamwacha masaa ataungua au atapata baridi. Kwenye taa analala na nepi tu, macho yamefunikwa, anatolewa kunyonya anarudishwa, mchana na usiku.

Ila na taa zenyewe ziangaliwe. Hospitali tulipoanzia na huyo mtoto wa mdogo wangu, taa zilikuwa zinawaka bluu nzuri tu, damu ikipimwa bilirubini haishuki. Tukahamishiwa kwingine, nesi kabla hajamlaza mtoto akaweka kifaa cha kupimia mwanga pale pale kwenye godoro, akasogeza taa chini, akapima tena ndio akamlaza. Tyubu ikizeeka inaendelea kuwaka na kwa macho huoni tofauti lakini nguvu imeisha, wakati kwa umanjano mkali zinatakiwa angalau maikrowati 30 kwa kila sentimita ya mraba kwa kila nanomita. Kifaa kile ni cha kushika mkononi. Baada ya hapo bilirubini ikaanza kushuka.

Naomba viongozi wa afya wa Kilimanjaro na Arusha wahakikishe kila wodi yenye taa hizi ina kipimo hicho na tyubu zinabadilishwa, na umeme ukikatika jenereta iikumbuke wodi ya watoto. Na mzazi aambiwe kabisa arudi mtoto akiwa na saa 48 mpaka 72 kama WHO wanavyoelekeza, kwasababu umanjano unapanda siku ya tatu mpaka ya tano na muda huo wengi tunakuwa tumesharuhusiwa, tupo nyumbani tunasubiri jua.

Msomaji wako,
Pasua, Moshi